Mwalimu Aliyekagua Vikombe

Ukimtaja Mwalimu mbele ya mtu wa Garsen wa umri wangu, hakuulizi mwalimu yupi. Walimu tulikuwa nao wengi, wa msingi na wa sekondari, na baadhi yao walikuwa na vyeti vya kutundika ukutani. Lakini Mwalimu alikuwa mmoja tu, yule mama wa Kipokomo wa nasari iliyokuwa nyuma ya soko, mrefu, mwembamba, kilemba amekikaza kana kwamba kichwa kingemtoroka. Nilimpikia uji wa watoto wake kwa miaka minne. Nayaandika haya kwa sababu najivunia kuwa nilifanya kazi chini yake, na sioni haya kulisema.

Kila asubuhi alisimama mlangoni. Watoto walikuja na vikombe vyao kutoka nyumbani, vya bati na vya plastiki, vingine vimefungwa kamba shingoni. Mtoto alisema shikamoo, naye akaitikia na kuuliza hapo hapo, bila kupumua katikati: "Marahaba, umekunywa nini?" Kisha aliinama akakinusa kikombe, na asiporidhika akamnusa mtoto mwenyewe mdomoni. Alijua kwa harufu. Chai, soda, juisi ya unga, maziwa, maji matupu, au mtoto hajatia kitu tumboni tangu jana, vyote alivijua.

Wazazi wengine walijaribu kumpiga chenga. Nakumbuka mtoto mmoja, kitindamimba wa fundi cherehani, alivyosimama wima akajibu: "Maziwa, Mwalimu. Lakini mama amesema nisiseme chai." Mwalimu hakucheka mbele ya mtoto. Aliingia jikoni kwangu, akafunga mlango, akacheka hadi akashika ukuta.

Kwa watoto alikuwa laini. Kwa sisi watu wazima alikuwa kama msasa. Siku niliyokutana naye mara ya kwanza nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira.

Nilikuwa nimehamia Garsen kutoka Kipini, nimemfuata mume wangu aliyekuwa fundi wa magari, na binti yetu Zuhura alikuwa na miaka mitatu na nusu. Nilimwandikisha nasari nikidhani kazi yangu imekwisha. Wiki haikumalizika, Mwalimu akaniita pembeni.

"Mama Zuhura, huyu mtoto unampa nini asubuhi?"

"Chai na mahamri, Mwalimu."

"Chai ya maziwa?"

"Ya mkandaa. Maziwa kwetu ni ya wageni."

"Sukari vijiko vingapi?"

"Vitatu," nikasema. Na kikombe chenyewe kilikuwa kidogo.

"Basi ndiyo sababu," akasema. "Akifika hapa anarukaruka kama panzi. Ikifika saa nne analala juu ya meza, mate yanamtoka. Unadhani amechoka kusoma? Ameishiwa. Ulimtia moto wa karatasi, ukawaka, ukazimika."

Nikamwambia kwetu Kipini sote tumekunywa chai hiyo tangu tunatambaa, na tumekua. Akanitazama kutoka utosini hadi kwenye ndara.

"Umekua, naona. Lakini hujui ungekuaje."

Kisha, kana kwamba hakunitukana, akaniomba nije kesho yake mapema nimsaidie jikoni, maana mpishi wao alikuwa ameolewa Hola. Nilikwenda. Nilikwenda kwa shari, nione huo uji wake unaomfanya ajione. Nikamkuta amesimama juu ya sufuria, moshi umemjaa machoni, uji umeungua chini na juu una madonge makubwa kama ndimu. Mwanamke aliyejua kila kinywaji kinachomfaa mtoto hakujua kukoroga. Nilimpokonya mwiko mkononi. Sikuurudisha kwa miaka minne.

Watu hawakulijua hilo, na jingine walilojua wachache ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mlevi wa chai. Saa tano, watoto wakiwa uwanjani, alikuja nyuma ya jiko na kikombe chake cha bluu, akanywa chai nyeusi kama lami, sukari mpaka kijiko kinasimama. Siku moja nilimuuliza kama haoni aibu.

"Mimi mifupa yangu ilishajengwa," akasema. "Nyumba ikishakwisha, unaweza kuipaka rangi yoyote."

Lakini mtoto alipotokea kwenye kona, kikombe kiliingia chini ya leso haraka, na Mwalimu akaanza kuulizia kuni.

Uji wetu ulikuwa wa mtama na mahindi, ukitiwa njugu zilizosagwa na maziwa mwishoni, sukari kidogo sana. Palipokuwa hapana maziwa tulizidisha njugu. Msimu wa maembe wazazi walileta ndoo kwa ndoo na wakataka tuyakamue juisi. Mwalimu alikataa. Alisema mtoto mwenye meno apewe embe alitafune, na kama ana kiu apewe maji yaliyochemshwa yakapoa. "Tumbo lake asubuhi ni kama ngumi yake," alisema, na akainua ngumi ya mtoto aliyekuwa karibu ili tuione. "Ukilijaza maji matamu, chakula kitakaa wapi?"

Hakuwahi kulisema hilo kama mtu anayesoma kitabu. Alilisema kama mtu anayekuonyesha mahali nyoka alipolala.

Vita vyake vikubwa vilikuwa na juisi ya unga. Miaka hiyo ilikuwa imeingia kwa kishindo, vipakiti vya rangi ya chungwa na nyekundu, unakoroga katika mtungi mzima na nyumba nzima inakunywa. Watoto waliipenda kupita kiasi. Wazazi nao waliona wamewapa watoto wao kitu cha kisasa, cha matunda, maana pakiti ilikuwa na picha ya matunda. Mwalimu hakugombana na mtu. Alichukua kitambaa cheupe cha dirisha la darasa, akakichovya katika kikombe cha mtoto mmoja, akakianika. Kikakauka na rangi. Akakifua kwa sabuni mbele ya wazazi waliokuja kuchukua watoto, akakianika tena. Rangi ilibaki pale pale.

"Hili ni pazia," akawaambia. "Lisipotoka rangi nitashona jingine."

Akaingia ndani.

Siku mbili baadaye alikuja Adan, Msomali mwenye duka la jumla karibu na stendi, ambaye ndiye aliyeuza vile vipakiti. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alifika akitembea kwa haraka, kikoi kinapiga kelele miguuni.

"Mwalimu, wewe unaniharibia biashara. Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Una watoto wangapi hapa kwangu?"

"Wawili. Unawajua."

"Nawajua. Sijawahi kunusa juisi midomoni mwao hata siku moja. Wao wanakunywa nini nyumbani asubuhi, Adan?"

Adan akatazama chini. Akatazama jiko. Akanitazama mimi, kana kwamba ningemwokoa.

"Maziwa ya ngamia," akasema.

Mwalimu alicheka, na Adan naye, masikini, akacheka. Juisi hakuacha kuuza, nisiseme uongo. Lakini njugu na unga wa mtama, ambavyo zamani alikuwa havishughulikii, alianza kuvipanga mbele kabisa, kwenye meza ya mlangoni, na mama akija na mtoto mdogo alimwambia: "Chukua hii, ya Mwalimu."

Sasa nisimulie lile ambalo lilinigusa mimi mwenyewe. Si sifa kwangu.

Maziwa yetu yaliletwa na Bibi Habona, mama wa Kiorma aliyetembea kila alfajiri kutoka kwenye makazi yao ya ng'ombe na vibuyu vyake, harufu ya moshi wa kufukizia vibuyu ikimtangulia. Tulikuwa tunayachemsha maziwa yake kila siku, Mwalimu amesimama juu yangu mpaka yafure mara mbili. Wiki moja watoto wakaanza kuharisha. Wa kwanza, wa pili, kisha darasa likabaki nusu. Mama zao wakajaa mlangoni, na neno lililokuwa midomoni mwao ni moja: ni yule Mworma, anatia maji ya mto ndani ya maziwa.

Aliyeishi kwetu miaka hiyo anajua maneno ya namna hiyo kati ya wakulima na wafugaji yalivyoweza kuanza kwa kikombe na kuishia mahali pabaya. Mwenyekiti wa kamati ya nasari alitaka Bibi Habona apigwe marufuku siku hiyo hiyo. Mwalimu akaomba siku mbili.

Siku ya kwanza alikaa jikoni kwangu kwenye kiti kidogo tangu giza halijatoka, akinitazama ninavyofanya kazi. Siku ya pili vivyo hivyo. Nikapika uji, nikachemsha maziwa, nikavichukua vikombe vya watoto nikavisuuza katika ndoo.

"Mama Zuhura," akasema. "Hayo maji ya ndoo ni ya wapi?"

Bomba lilikuwa limekatika tangu wiki iliyopita, na badala ya kuamka mapema nichemshe maji ya kuoshea, nilikuwa nachota mtoni na kuosha hivyo hivyo. Nilijiambia ni vikombe tu, si maji ya kunywa. Na ukweli wenyewe ni kwamba mama wale walipokuwa wanapiga kelele mlangoni, wazo lilishanipita kichwani, nikalifukuza.

"Ya mtoni, Mwalimu."

"Yamechemshwa?"

"Hapana."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alitoka nje akawaambia wazazi: "Kosa ni la jiko langu. Maziwa hayana kitu. Ni vikombe vilivyooshwa kwa maji mabaya, na jiko ni langu mimi." Jina langu hakulitaja. Mwenyekiti alisema maneno mazito juu yake siku hiyo, mtu mzima na heshima zake, naye akayapokea yote amefunga mikono. Kisha akarudi jikoni.

"Kwa wazazi nimesema mimi," akaniambia. "Kwa Bibi Habona utasema wewe."

Tulikwenda pamoja mchana ule. Ndipo nilipojua kwamba Mwalimu, ambaye hakuogopa mwenyekiti wala diwani, alikuwa anaogopa ng'ombe. Tulipofika kwenye makundi alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia, na kila pembe ilipogeuka alijificha nyuma ya bega langu. Bibi Habona alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake ya nyasi. Habari zilishamfikia zamani. Hakusimama.

"Siku tatu mimi sikulala," akasema. "Watu nasema maziwa yangu naua watoto. Mimi pia niko na wajukuu. Mimi natembea mbali, giza, na mguu hii mgonjwa, naletea nyinyi maziwa. Halafu mnasema hivyo?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, ndoo na mto na uvivu wangu, na jinsi nilivyonyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akatumiminia maziwa, moja kwa moja, mabichi.

"Kunywa," akasema.

Nikamtazama Mwalimu. Huyu ndiye mtu aliyewahi kumwaga sufuria nzima kwa sababu maziwa yalifura mara moja badala ya mbili. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa hadi tone la mwisho, akashukuru kwa Kiorma kibovu kilichomfanya Bibi Habona atabasamu bila kupenda. Nami nikanywa.

Njiani nikamwambia, "Mwalimu, hayakuchemshwa."

"Mimi si mtoto wa nasari," akasema. "Na pale sikwenda kufundisha."

Bibi Habona alirudi kesho yake. Mimi tangu siku ile sijaosha kikombe cha mtoto kwa maji ambayo nisingemnywesha.

Halafu yakaja mafuriko makubwa. Waliokuwapo hawahitaji kuelezwa. Mto ulipanda, ukalala juu ya mashamba, ukala migomba, ukala barabara, Garsen ikabaki kama kisiwa, na watu wa vijiji vya mtoni, wa Kulesa na kwingineko, wakamiminika kwenye ardhi ya juu na magodoro vichwani. Ng'ombe walikuwa wamehamishwa au wamekufa. Maziwa hatukuyaona. Nasari yetu iligeuka makazi, na Mwalimu, ambaye hakuwa na cheo chochote, ndiye aliyegawa nafasi za kulala.

Unga ulikuja kwa mashua, na maharagwe. Maji yalikuwa kila mahali na hayanyweki hata kikombe kimoja, yamejaa mizoga na vyoo vilivyobomoka. Kuharisha kukaanza katika kambi za jirani, tukasikia watoto wanazikwa. Mwalimu alisema hakuna mtoto atakayekunywa tone lisilochemka, si la uji wala la kiu. Lakini kuni zote zilikuwa zimelowa. Tulipuliza mpaka tukaona nyota, na moshi ndio tuliopata.

Asubuhi ya tatu nilisikia shoka darasani. Nikakimbia. Mwalimu alikuwa anapasua madawati. Yale madawati madogo mazuri ya mbao, ambayo wazazi walichangishana karibu miaka miwili wakayapata, na fundi akayapaka rangi ya kijani. Mwenyekiti alifika akitweta, amelowa mpaka magotini.

"Mwalimu! Umepata wazimu? Watoto watakaa juu ya nini?"

"Watakaa chini," akasema, na shoka halikusimama. "Lakini watakaa."

Mwenyekiti alisimama pale mlangoni. Mjukuu wake mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka, pembeni kidogo. Sikumwona alipokata shauri, niliona tu anavua koti, anaomba shoka, maana Mwalimu alikuwa amechoka na mikono imetoka malengelenge.

Tulichemsha kwa madawati yale wiki mbili na siku kadhaa. Asubuhi watoto walipata kwanza maji ya uvuguvugu, kisha uji mwembamba wa mahindi na chumvi kidogo, na njugu ambazo Adan alizitoa ghalani mwake kabla maji hayajaingia. Homa iliwapata, mbu walikuwa kama mvua. Wawili waliharisha, tukawakalia macho, tukawanywesha kwa kijiko mchana kutwa, wakapona. Hatukuzika mtoto. Mpaka leo nikipita mahali na kuona kijana mrefu wa umri ule anacheza mpira au anapakia mizigo, huwa najisemea, huyu alinywa dawati.

Baada ya maji kuondoka, magoti ya Mwalimu yalikuwa yamekwisha. Alituachia nasari, akahamia Ndera kwa binti yake. Mimi niliitwa kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijiji, yeye ndiye aliyetoa jina langu bila kuniuliza, na nikaanza kuzunguka na muuguzi wa zahanati tukipima uzito wa watoto.

Ndivyo tulivyokutana mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia. Ilikuwa Ndera, siku ya kupima, mizani imening'inizwa kwenye boriti la banda, kina mama wamepanga foleni hadi juani. Nikainua macho nikamwona katikati ya foleni, ameegemea fimbo, mgongoni kabeba mtoto. Nikamkimbilia nimlete mbele. Alikataa. "Hawa wamenitangulia," akasema, na akabaki pale pale mpaka zamu yake.

Mtoto alikuwa mjukuu wake, wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Binti yake alikuwa amekwenda Malindi kutafuta kazi na kumwachia. Nilimtia kwenye mizani, nikaitazama kadi yake, nikaitazama tena. Uzito haukuwa mbaya. Lakini mtoto alikuwa mtulivu mno, na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Nikamvuta ukope wa chini. Hapakuwa na wekundu.

"Anakula nini, Mwalimu?"

"Maziwa," akasema, kwa fahari. "Mazuri, nayachemsha mwenyewe mara mbili. Asubuhi, mchana, jioni, akilia nampa. Chai hajaijua, juisi hajaijua."

"Na chakula?"

"Hakitaki. Akishashiba maziwa anakitema."

Nyuma yake kulikuwa na wanawake kumi na zaidi wanatusikiliza, wengine aliwafundisha yeye mwenyewe nasari kusema shikamoo. Nilitamani kunong'ona. Nikaona kunong'ona kungekuwa kumdharau.

"Mwalimu," nikasema, "maziwa yamezidi. Yanamshibisha na hayana kila kitu. Damu imepungua. Mpe vikombe viwili tu kwa siku, na umpe baada ya kula, si kabla. Chakula kwanza. Samaki umchambulie miiba, dengu, mchicha, kiini cha yai. Akikataa leo, kesho mpe tena. Na muuguzi atakupa dawa ya kuongeza damu."

Alinitazama kwa muda, macho yale yale yaliyonitazama zamani kutoka utosini hadi kwenye ndara. Nilingoja aniambie la kuniambia.

Akaiegemeza fimbo ukutani, akatafuta katika pindo la leso yake, akatoa kipande cha penseli, akaigeuza kadi ya mtoto upande usioandikwa.

"Sema tena," akasema. "Polepole, niandike."

Nikasema tena, neno kwa neno, naye akaandika, herufi kubwa zilizonyooka. Alipofika kwenye dengu akasimama. Akanyoosha mkono juu, kidole kimoja, kama wanavyonyoosha watoto darasani. Wanawake wakaanza kucheka, kisha wakaona kwamba yeye hachezi, wakaacha.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema.

"Hizo dengu," akauliza, "nizisage, au zikiwa laini nimpe nzima?"

Nikamjibu, naye akaandika.